Kigoda cha Watoto Watulivu

Machi 3

Nimeficha jambo, na nimelificha vizuri mno hata likaniletea heshima. Kipimo kinachotumika mashuleni kuwatenga watoto wenye upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, kile wanachokiita Kipimo cha Kigoda, nilikitunga mimi, na kina uongo kwenye mzizi wake. Si kosa la hesabu. Hesabu ni safi. Uongo uko kwa watoto wa kwanza, wale niliowaweka kuwa mfano wa mtoto aliyetulia. Nitaandika ulivyokuwa. Si leo. Leo ninatangaza tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nina sababu mbili za kuanza sasa. Ya kwanza ni moyo wangu, ambao daktari anasema umechoka kusukuma; miguu imevimba hata nikibonyeza ngozi kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye donge la unga. Ya pili ni mjukuu wangu, anayelala chumba cha pili. Muhula huu atakalishwa juu ya kigoda changu.

Binti yangu ameniletea maziwa. Daktari ameagiza kikombe kila asubuhi. Yalikuwa yamepoa, na juu yameshika ule utando wa kukunjamana kama ngozi ya mgongo wa mkono wangu. Nimeyatazama mpaka alipotoka, kisha nikajikokota na kuyamwaga kwenye sinki.

Machi 4

Mvua. Maziwa. Sinki.

Machi 7

Binti yangu aliitwa shuleni. Yeye ni fundi cherehani. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na nusu ya sare za shule ile zimepita chini ya sindano yake, kwa hiyo alipokelewa vizuri na kupewa kiti. Mwalimu wa darasa alimweleza kwamba mtoto anajibu kabla hajaulizwa, anainuka katikati ya somo kwenda dirishani kutazama mvua, na juzi alianguka pamoja na kiti chake, akainuka, akakiomba kiti radhi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Amependekeza apimwe.

Mtoto huyu tunamwita Panzi. Jina lake halisi hulisikia pale tu anapokosea. Huvuka sebule kwa kuruka kutoka kipande kimoja cha kitambaa hadi kingine, akidai kwamba sakafu ni maji na mama yake ni mamba anayeshona.

Binti yangu alirudi nusu ana wasiwasi, nusu anajivuna. Alimwambia mwanawe kwamba kipimo hicho ni cha babu yake, kwamba watoto wote wanapimwa kwa kitu alichokitunga babu yake, na asije akatuaibisha. Panzi akaniuliza kama kigoda kinauma. Nikasema hakiumi, kinalia tu. Akataka kujua kama kinalia kwa sababu kimekaliwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa, naye akanipigapiga mgongoni kama anayekung'uta zulia.

"Pole, kibogoyo wangu. Usife kabla sijamaliza kukucheka."

Mama yake alimkaripia. Mimi sikuona kosa.

Asiyefaulu hupelekwa Chumba cha Utulivu. Nakijua chumba hicho. Mimi ndiye niliyeshauri kiwepo. Kipo mwisho wa ukumbi, vioo vyake vya chini vimepakwa rangi nyeupe ili mtoto asione nje, na madawati yametazama ukuta, kila moja limetengwa kwa ubao, kama vizimba vya ng'ombe wa kukamuliwa. Wanaoingia ni nadra kurudi. Masomo huwapita, kisha watu husema: mnaona, tulijua hawa ni wazito.

Machi 10

Kipimo chenyewe ni hiki. Kigoda cha mbao kisicho na egemeo, chini ya kalio kuna springi, na kwenye springi kuna kengele ndogo. Mtoto hukaa akitazama picha zinazopita moja moja: mraba, pembetatu, duara. Anagonga meza pale tu duara linapofuata pembetatu. Mkono unapima umakini, kiti kinapima utulivu. Akitikisika, kengele inalia na mpimaji anatia alama. Siku hizi hakuna kengele. Kuna waya unaopeleka mitikisiko kwenye kompyuta, nayo inachora mstari. Lakini mwisho wa yote mtoto analinganishwa na wale wale, watoto wangu wa mfano.

Basi niseme. Watoto wa mfano walitoka kwenye kituo kimoja cha yatima. Wachache, wa mahali pamoja, nami nikajifanya nimepima dunia nzima. Walikuwa watulivu ajabu. Niliandika kwamba utulivu ule ni matunda ya malezi yenye nidhamu, na watu wazima wenye shahada zao wakasoma, wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Nimesema. Nilidhani nikisema nitapumua vizuri.

Machi 11

Nimesoma niliyoandika jana. Ni kweli, na bado ni uongo. Ni kama mtu anayekiri kwamba alifungua mlango wa banda, asiseme kuku walikwenda wapi.

Machi 15

Mpimaji wa shule alikuja kuniona. Ni mwanamke kijana, nadhifu, mwenye mwavuli wa rangi ya zambarau alioukung'uta nje kabla ya kuingia. Alifundishwa na watu niliowafundisha mimi. Aliinama kuniamkia mpaka magoti yakakaribia kugusa sakafu. Alinieleza kwamba kigoda cha kwanza kabisa kimewekwa kwenye kabati la kioo pale shuleni, pamoja na picha yangu ya ujanani, na kwamba siku ya kufunga muhula wanataka kunipa ngao.

Nilitafuta ubaya ndani yake ili nipate nafuu. Sikuupata. Alinisimulia habari za mtoto mmoja aliyekuwa akichomoka darasani na kukimbilia barabarani katikati ya magari, asiyeweza kumaliza sentensi wala sahani ya chakula. Alipimwa, akaonwa na daktari, akapewa dawa na mwalimu mvumilivu, na sasa anasoma. Nilimwamini. Watoto wa namna hiyo wapo. Nimewaona, nimewashika mikono ikitetemeka ndani ya mikono yangu. Kwa ajili yao nilianza kazi hii. Kama shida yao ingekuwa ya kubuni, uongo wangu ungekuwa mdogo. Ni ya kweli, na mimi nikawapa chombo kisichoweza kuwatofautisha na mtoto mwenye furaha.

Kabla ya kuondoka alimpa binti yangu maelekezo. Kipimo kitafanyika asubuhi sana, na mtoto asile kitu. Mwongozo wa kipimo unasema kabla ya chakula. Binti yangu alicheka. Akasema hapa kwetu hilo haliwezekani, kwa sababu marehemu mama yake aliacha sheria moja tu ndani ya nyumba, nayo ni tumbo kwanza. Hapa hata nywele hazichanwi kabla mtoto hajala. Yeye mwenyewe siku moja alichelewa mtihani wa mwisho kwa sababu mama yake alisimama mlangoni na sahani, hakumpisha mpaka alipomaliza.

Mpimaji akanigeukia akitabasamu, akasema mwongozo umeandikwa na Mwalimu mwenyewe, yaani mimi. Wote wawili wakanitazama wakingoja nikate shauri. Nikasema nina usingizi. Nikafumba macho, nikakaa hivyo kama kuku aliyefunikwa kapu, mpaka niliposikia mwavuli unafunguliwa nje.

Machi 19

Amepimwa leo. Binti yangu alimlisha jikoni kwa siri, mkate na yai na maziwa, akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga ili pasibaki ushahidi.

Mstari uliotoka kwenye kompyuta ulikuwa na meno kama msumeno. Panzi alitikisika mwanzo hadi mwisho. Lakini mkono wake haukukosa duara hata moja. Nilimuuliza alifanyaje, akanijibu huku anaruka juu ya vitambaa:

"Yalikuwa yanachungulia, Babu. Kila likija nalisalimia."

Amefeli. Nilipotunga kanuni niliamua kwamba kiti kina haki ya kuushinda mkono. Nilikuwa na umri wa kuamua mambo kama hayo bila kukosa usingizi. Ataruhusiwa kurudia mara moja kabla ya kufunga muhula, na akifeli tena, muhula ujao atatazama ukuta.

Alipoambiwa aliacha kuruka. Alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya maji yake, akauliza kama kwenye Chumba cha Utulivu mvua inasikika.

Machi 22

Sasa niseme zaidi. Wale watoto wa mfano walikuwa na njaa.

Mwaka ule mvua zilikata barabara. Gari la chakula halikufika kituoni, na ghala likabaki na panya na harufu ya magunia. Nilikuwa nikiingia asubuhi na kuwakuta wamekaa kwenye mabenchi, mikono mapajani, macho makubwa, hawapepesi hata nzi akitua. Nikawakalisha juu ya kigoda mmoja mmoja. Kengele haikulia. Mtoto mwenye njaa hatikisiki. Hana cha kutikisika nacho. Na pumzi ya mtoto mwenye njaa ina harufu yake, tamu, ya matunda yaliyoanza kuoza. Niliijua harufu hiyo. Nilifungua dirisha.

Ndiyo hao. Kila mtoto tangu hapo, katika kila shule, anapokaa juu ya kigoda akiwa ameshiba na mwenye afya, analinganishwa na hao.

Nani wa kulaumiwa? Mvua. Barabara.

Marehemu mke wangu alikuwa mpishi wa kituo kile. Tulijuana huko. Watu wa mtaani walidhani sheria yake ya tumbo kwanza ilitokana na ukarimu, wakamsifu, naye alizipokea sifa hizo kama mtu anayepewa nguo za maiti.

Machi 23

Panzi ameniuliza kwa nini sinki letu linanuka maziwa.

Machi 30

Nimemwambia binti yangu. Nilimwambia habari za mvua, barabara na njaa ya watoto, maneno yale yale niliyoyaandika hapa, kwa mpangilio ule ule. Alisimamisha cherehani. Alikaa sakafuni, akaichukua miguu yangu iliyovimba na kuanza kuipaka mafuta, na machozi yakamtoka, si kwa hasira.

"Baba, mvua si yako."

Nilimuuliza kama niende shuleni nikaseme. Akafikiri huku anakanda. Akasema wataona mzee mgonjwa anamtetea mjukuu, na kwamba sare za mwaka ujao bado hawajaamua zitashonwa na nani. Halafu ipo nafasi ya kurudia. Panzi atajitahidi. Akainuka, akaniletea maziwa, leo ameyatia sukari, akasimama karibu yangu akingoja ninywe.

Niliyanywa. Utando ulinishika kwenye kaakaa na kukataa kushuka. Nilitabasamu nao mdomoni.

Nimesamehewa dhambi ambayo sikuitenda, na ile niliyoitenda imekaa kando ikingoja zamu yake, kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati.

Aprili 2

Panzi ametulia. Mwalimu wa darasa ametuma sifa. Anakaa amekalia viganja vyake, haendi dirishani, hajibu mpaka atajwe. Vitambaa vimelala sebuleni siku nzima bila kurukwa. Binti yangu anashona huku anaimba kwa sauti ya chini. Baba yake Panzi, anayefanya kazi mbali na kurudi mwisho wa mwezi, amepiga simu kumpongeza.

Mimi nimeona weupe chini ya kucha zake. Nikasema ni mwanga wa mvua.

Aprili 6

Leo nilitafuta viatu vyangu vya zamani, vile vya ngozi, kwa sababu nataka nizikwe navyo na sikuwa na hakika kama panya wamevibakiza. Nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda na harufu ikanipiga usoni. Ndani ya viatu vyangu mlikuwa na mikate. Vipande kwa vipande, vimebanwa mpaka kwenye vidole, vingine vikavu kama mbao, vingine vimeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Mayai ya kuchemsha, yamepasuka, yanatoa maji. Funza wameshaanza shughuli zao, tena kwa bidii.

Nilimwita Panzi. Hakukana. Alikaa kitandani kwangu amekalia viganja vyake, akaeleza kwa utaratibu, kama anayejibu swali darasani. Siku moja mama yake alitoka mapema kupeleka sare, akamwachia chakula mezani, yeye akasahau kula kwa sababu alikuwa akitazama konokono. Akafika shuleni na tumbo tupu. Siku hiyo mwalimu alimwambia ametulia vizuri. Tangu hapo hujaza mdomo mbele ya mama yake, kisha huja chumbani kwangu kuniamkia, na mimi nikiwa nimesinzia, huficha.

"Nikiwa na njaa miguu inanyamaza, Babu. Kichwa nacho kinanyamaza. Hata sijisikii."

Alisogea kuninong'oneza nisimwambie mama yake mpaka afaulu. Akaninong'oneza karibu sana, mdomo kwenye shavu langu, na pumzi yake ikanifikia. Tamu. Matunda yaliyoanza kuoza.

Nilitapika. Sikuwahi kufika popote. Nilitapikia kwenye kapu la vitambaa, na juu ya mkono wangu, na kidogo juu ya gauni lake. Alikimbia kuleta maji na tambara, akanifuta kidevu, akaniambia nisijali. Mtoto aliyejinyima chakula ili afanane na watoto wangu wa mfano alikuwa akinifuta matapishi na kunibembeleza.

Nilimlazimisha ale ndizi mbili mbele yangu. Alikula akilia kwamba nitamharibia. Kisha akaniomba tena nisiseme, na mimi nikanyamaza. Kunyamaza nakujua. Katika kazi zote nilizozifanya duniani, hiyo ndiyo niliyoifanya kwa ustadi.

Aprili 8

Amerudia kipimo leo, na amefaulu.

Mpimaji alikuja mwenyewe kutuletea habari, mvua ikimnyeshea viatu. Binti yangu alimkumbatia, akafungua soda, akatoa glasi zile za wageni. Mpimaji alituonyesha mstari kwenye kompyuta yake: umenyooka kama uzi. Maduara mengi yamepita bila kugongwa, lakini akasema hilo liko ndani ya kiwango, kwani hata watoto wa mfano walikosa mengi. Akasema ni nadra kuona matokeo yanayofanana nao kiasi hiki.

Panzi alikuwa kwenye kiti cha mama yake, mikono mapajani. Nzi alitua karibu na jicho lake. Hakupepesa. Soda yake ilikuwa mbele yake inapoteza gesi.

Hapo nikasema. Nilisema kwamba mtoto huyu hali chakula, na nikamtuma mama yake akatazame ndani ya viatu vyangu. Nikamwambia Mpimaji kwamba wale watoto wa mfano nao walikuwa na njaa, kwamba mwaka ule mvua zilikata barabara, chakula hakikuwepo, na mimi niliwapima hivyo hivyo. Binti yangu alirudi na boksi mikononi, amegeuza uso pembeni kwa uvundo. Alimbeba Panzi, mkubwa hivyo, akaenda naye jikoni. Tukasikia sufuria.

Nilitazamia Mpimaji atabisha, au atanihurumia. Aliweka glasi chini. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kompyuta yake. Kisha akaniuliza, kwa adabu ile ile, bila kuinua sauti:

"Mwalimu, kama chakula hakikuwepo, kwa nini uliandika kabla ya chakula?"

Nikaomba maji.

"Mtu haandiki kabla ya kitu ambacho hakipo," alisema.

Nikasema moyo unanienda mbio. Haukuwa uongo. Binti yangu alitoka jikoni akamwambia mgeni kwamba Baba amechoka. Mpimaji akainuka, akaniaga bila kuinama, akatoka kwenye mvua.

Aprili 9

Mwavuli wake bado uko mlangoni.

Aprili 12

Nimerudi kutoka shuleni. Nitamaliza leo, kwa sababu sina hakika na kesho.

Binti yangu hakutaka niende. Tangu siku ile ya viatu hulala na Panzi kitanda kimoja, humlisha kijiko kwa kijiko, na akinitazama hutazama kifua changu, si macho. Nilimwambia ni lazima nirudishe mwavuli wa watu. Akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu, mwavuli mapajani, tukapita kwenye matope.

Ukumbi ulijaa wazazi wenye nguo zilizolowa. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na ngao, imefunikwa kitambaa chekundu. Mwalimu mkuu alianza kusoma sifa zangu. Nikamkatiza. Nikaomba kabati lifunguliwe na kigoda kiletwe. Walidhani mzee anataka kupigwa picha, wakakileta. Wanaume wawili walinikalisha juu yake. Kengele ikaanza kulia na haikukoma, maana mwili wangu sasa unatikisika kwa kila pumzi. Watu walicheka kwa upendo. Panzi, aliyekuwa mstari wa mbele na mama yake, na mdomo wake una makombo, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alipaza sauti, "Babu amefeli." Wakacheka zaidi.

Nikamtafuta Mpimaji kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba aliniuliza swali na nimekuja kulijibu, na nikalijibu kengele ikilia chini yangu.

Yaliyofuata niyaandike kwanza, kwa sababu ni mepesi. Hakuna aliyezomea. Wazazi waliwavuta watoto wao karibu, kama mbwa mgonjwa anapopita. Mwalimu mkuu alikunja karatasi yake. Ngao ilibaki chini ya kitambaa. Mpimaji alichukua funguo, akaenda mwisho wa ukumbi, tukasikia mlango wa Chumba cha Utulivu ukifunguliwa, kisha madawati yakiburutwa. Aliporudi alichukua mwavuli wake kutoka mapajani mwangu. Akasema wale wenye shida ya kweli ataanza kuwatafuta upya, mmoja mmoja, kwa macho yake na pamoja na daktari, na kwamba itachukua miaka. Hakuniita Mwalimu. Binti yangu alinisukuma mpaka nyumbani, akaniacha hapa chumbani, akafunga mlango.

Ameniachia kikombe. Kimeshika utando. Mvua imekatika, na nasikia Panzi anaruka juu ya vitambaa.

Nililosema ni hili. Barabara haikukatika. Hapakuwa na mafuriko mwaka ule. Siku ya kwanza niliwapima watoto wale wameshiba, na kigoda kililia kama soko. Walikuwa watoto kama watoto wote, na mimi nisingepata mfano wa kuwaonyesha wakubwa wangu. Siku ya pili niliingia jikoni kabla ya jua kupanda. Mpishi, msichana ambaye baadaye angekuwa mke wangu na asingelitaja jambo hili mpaka anaingia kaburini, alikuwa ameshapanga vikombe. Nikamwambia angoje mpaka nimalize. Akaniuliza nitamaliza saa ngapi. Nikasema nitamwita. Na kila siku nilichelewa kumwita zaidi ya jana, kwa sababu kadiri nilivyochelewa ndivyo kengele ilivyonyamaza. Mwisho nikawa namwita jioni. Alisimama mlangoni na upawa mkononi, na watoto, kutoka juu ya kigoda changu, walimtazama yeye, si picha. Nyuma yake, juu ya meza, maziwa yalipoa katika vikombe, yakashika utando.

Chakula hakikukosekana hata siku moja. Maziwa yalikuwepo.